Mapacha wangu wamefikisha miaka 13, nikiwaita ni kama sauti haiwafikii. Ni ubongo, ni simu, au kuna jambo jingine?

#1 Mama Kulwa

Wakuu, habari za jioni.

Nina mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wote darasa la saba, shule ya kutwa hapa Mwanza. Zamani nikirudi kutoka dukani walinisimulia habari za shule wote kwa pamoja mpaka nawaomba wapokezane. Siku hizi nauliza shule vipi, najibiwa "poa", mlango unafungwa. Doto ameshavunja ungo, amerefuka kunipita, analia kwa jambo dogo na muda si mrefu anacheka na wenzake. Kulwa bado ana umbo la kitoto, lakini usiku hapati usingizi, asubuhi kumwamsha ni vita, na mwalimu wake ameniambia anasinzia darasani.

Sasa nimekutana na habari za watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2022 walichapisha kazi ambayo watoto walisikilizishwa sauti ya mama yao na sauti za wanawake wasiowajua huku ubongo wao ukipimwa. Wenye miaka 12 au chini yake ubongo ulichangamkia zaidi sauti ya mama. Kuanzia 13 ikageuka, sauti ngeni ndizo zikachangamsha zaidi zile sehemu zinazohusika na raha. Hilo jambo limenikaa kichwani.

Naomba wenye watoto wa miaka 11 hadi 15 mnieleze: huu ni ubongo tu na utapita, au kuna kitu natakiwa kukiogopa?

#2 Mtoto wa Kitangiri

Naweka kiti hapa. Wangu ana 12 na dalili nimeshaanza kuziona.

#3 Ngosha wa Nera

Simu. Huna haja ya kwenda Stanford. Mnyang'anye simu, mpe kazi za nyumbani, wiki ikiisha utamsikia anasimulia. Pia siku hizi wazazi tunaogopa kuwakemea watoto, ndiko tulikofikia.

#4 Mwalimu wa Muleba

Asante mleta mada. Nafundisha biolojia, niruhusuni niweke msingi.

Kwa ukubwa, ubongo wa mtoto wa miaka sita umeshafikia takribani asilimia 90 ya ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo wakati wa balehe hauongezeki sana ukubwa, unapangwa upya. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walitoa matokeo ya kuwapiga watoto picha za MRI na kuwarudia tena kadiri walivyokua. Tabaka la kijivu la sehemu ya mbele ya ubongo linanenepa hadi karibu miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, kisha linaanza kupungua. Kupungua huko si ugonjwa. Viunganisho visivyotumika vinaondolewa, vinavyotumika vinaimarishwa, na nyuzi zake zinavikwa mafuta yanayoitwa mailini ili taarifa zipite haraka. Huku kwetu kila mwenye shamba anajua: mti wa kahawa usiopogolewa unakupa majani tu.

Sehemu ya mwisho kukamilika ni ile ya nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya jambo. Zile za hisia na za kufurahia malipo huchangamka mapema, homoni za balehe zinapoanza. Kwa hiyo kuna miaka kadhaa ambayo mtoto anahisi kwa nguvu kuliko anavyoweza kujituliza. Wasichana kwa kawaida hutangulia mwaka mmoja hadi miwili, ndiyo maana Doto yuko mbele ya pacha wake. Ubongo unakamilika kwenye miaka 25. Vuta subira.

#5 Ngosha wa Nera

Mwalimu, Mhaya hawezi kumaliza maelezo bila kutaja kahawa 😀

Ila swali langu ni la kweli. Mimi nikiwa na miaka kumi nilikuwa nachunga ng'ombe wa babu peke yangu, mmoja akipotea ni shauri langu. Ubongo wangu nao si ulikuwa unapangwa upya? Mbona hakuna aliyesema niachwe nijifungie chumbani? Kwanza chumba chenyewe hakikuwepo.

#6 Nesi Mkongwe

Mama Kulwa, kabla hatujaenda mbali na ubongo, tuanze na damu.

Mtoto wa Mwanza anayesinzia darasani, swali langu la kwanza: anaoga ziwani? Kichocho kinamnyonya mtoto damu taratibu, anachoka, anapoteza umakini, na wazazi wanasema amekuwa mvivu. Dawa hutolewa mashuleni, lakini asiyekuwepo siku hiyo hukosa. Peleka kinyesi na mkojo vikapimwe, na wingi wa damu. Doto naye, msichana aliyeanza hedhi anapoteza madini ya chuma kila mwezi wakati huohuo mwili unarefuka. Mwenye upungufu wa damu hukasirika upesi na kulia upesi. Nimeona watoto wengi wakiitwa wakorofi kumbe damu imeshuka.

Vipimo vikiwa safi, ndipo turudi kwa Mwalimu.

#7 Mama Kulwa

Nesi, asante sana. Kulwa anaoga ziwani kila akipata nafasi, na siku ya dawa alikuwa na homa, hakwenda shule. Nitawapeleka wote wawili.

#8 Binti Mwerevu

Mleta mada, ile habari ya sauti isikuumize. Sauti walizosikilizishwa zilikuwa maneno yasiyo na maana, kila moja fupi mno, haifiki sekunde. Na vijana hao waliitambua sauti ya mama zao zaidi ya mara 97 kati ya 100. Wanakusikia vizuri sana. Kilichobadilika ni kwamba sauti ngeni nazo zimeanza kuwa na thamani kwao, na mtoto atakayekuja kuishi na watu wasio ndugu zake lazima afikie hapo. Mimi kingenitisha zaidi kama wangekuwa na miaka 20 bado wanataka sauti yako peke yake.

#9 Yuko Minnesota

Nipo Minneapolis, nafanya kazi ya kulea wazee usiku, watoto wangu wamesoma shule za hapa. Kuhusu Kulwa mimi nasema usingizi.

Mtoto akibalehe saa ya mwili inasogea mbele. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, inachelewa kutoka. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown amelichunguza jambo hili miaka mingi. Kwa hiyo unamwambia alale saa tatu usiku, naye kweli hana usingizi hadi saa tano, halafu shule inamtaka alfajiri. Wataalamu wa usingizi wa huku wanashauri mtoto wa miaka 13 hadi 18 apate saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Edina, jirani yetu hapa, mwaka 1996 walisogeza kengele ya sekondari kutoka saa 1:20 asubuhi hadi 2:30. Mwaka uliofuata Minneapolis wakatoka saa 1:15 hadi 2:40. Watu walisema watoto watakesha zaidi. Hawakukesha, walilala zaidi. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikashauri nchi nzima sekondari zisianze kabla ya saa 2:30.

Mama Kulwa, wako wanaamka saa ngapi?

#10 Mama Kulwa

Saa kumi na moja alfajiri. Darasa la saba wana masomo ya ziada kabla ya vipindi, na daladala nayo ikijaa inawaacha.

#11 Mtoto wa Kitangiri

Saa kumi na moja! Halafu jioni tuisheni. Hapo hata mimi ningejibu "poa" nikafunga mlango.

#12 Baba Achieng

Salamu kutoka Kisumu, ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Karatasi inasema hivyo. Lakini pita barabarani alfajiri uone watoto na mabegi yao. Shule inataka wastani upande, mzazi naye anataka hivyohivyo, ukilalamika unaambiwa wenzako wamekubali. Kwa hiyo ndugu wa Minnesota, sheria peke yake haijamlaza mtoto.

#13 Msomaji wa Mlimani

Naheshimu michango yote, lakini naona tunabeba matokeo ya watoto wa Marekani tunayaweka juu ya watoto wa Mwanza. Wazo la kwamba ujana lazima uwe dhoruba lilienezwa na G. Stanley Hall, Mmarekani, mwaka 1904. Miaka ya 1920 Margaret Mead alikwenda Samoa, akarudi akisema wasichana wa kule wanapita ujana bila dhoruba hiyo. Ni lini tumekaa chini tukawachunguza watoto wetu wenyewe? Ngosha namba 5 ameuliza swali la msingi na hakujibiwa.

#14 Baba Achieng

Msomaji, ungemalizia hadithi ya Samoa. Mwaka 1983 Derek Freeman alitoa kazi nzima kupinga matokeo ya Mead, na wanaanthropolojia wamebishana tangu hapo. Samoa si shahidi wa kumtegemea sana.

Na kuhusu watoto wetu kutochunguzwa: mwaka 2018 Laurence Steinberg na wenzake walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 10 hadi 30 kutoka nchi 11. Kenya ilikuwamo, na washiriki walitoka papa hapa Kisumu. Hamu ya kutafuta msisimko ilipanda hadi kilele karibu na miaka 19, uwezo wa kujizuia ukaendelea kupanda taratibu hadi miaka ya ishirini na kitu. Mkondo haukufanana nchi zote, lakini kwa jumla picha ilijirudia. Ziwa ni lilelile, ndugu yangu.

#15 Msomaji wa Mlimani

Nakubali Kisumu ilikuwamo. Lakini walipimwa kwa michezo ya kompyuta na maswali ya kujaza. Mtoto anayechunga, anayeuza karanga stendi, anayelea wadogo zake, uwezo wake wa kujizuia unaonekana kwenye kazi hizo, hauonekani kwenye kompyuta. Bado nasimama hapo.

#16 Binti Mwerevu

Na nimrekebishe Mwalimu wa #4 kuhusu miaka 25. Hakuna siku ubongo unafunga hesabu. Sehemu mbalimbali zina kasi tofauti, na mabadiliko yanaendelea hata baada ya hapo. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 ilitoka kazi iliyounganisha vipimo vya watu zaidi ya 10,000 wa miaka 8 hadi 35. Uwezo wa kupanga na kujizuia ulipanda kwa kasi kati ya 10 na 15, ukapanda kidogo hadi 18, kisha ukatulia. Mtoto wa 13 yupo katikati ya kipindi cha kasi. Sipendi hiyo 25 kwa sababu nawasikia watu wakiitumia kumsamehe kijana wa miaka 23 aliyempiga mkewe.

#17 Mwalimu wa Muleba

Binti, hiyo 2023 inapima utendaji kwenye majaribio, mimi nilizungumzia umbile la ubongo kwenye picha. Ni vitu viwili. Lakini hoja ya kutoifanya 25 kuwa kisingizio naiunga mkono.

Ngosha, nakujibu sasa. Ulikuwa unachunga, sawa, lakini ulikuwa na wenzako malishoni na kaka wakubwa wa kukuonyesha. Mwaka 2005 Gardner na Steinberg walichezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Watoto wa miaka 13 hadi 16 wakiwa peke yao walikuwa na tahadhari ya kutosha. Wenzao walipowekwa pembeni kutazama, walihatarisha zaidi sana. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Macho ya wenzao ndiyo yanawapandisha au kuwashusha. Ukitaka kumjua mtoto wa 13, tazama amezungukwa na nani.

#18 Bi Chwaka

Assalamu alaykum. Mie nipo Unguja. Nasoma tangu mwanzo nashangaa hakuna aliyemtaja somo. Zamani mtoto wa kike akivunja ungo hakuambiwa na mamake, alikabidhiwa kwa somo wake, mtu mzima anayemheshimu, asiyemuonea haya. Yote ambayo mtoto hawezi kumuuliza mama aliyauliza huko. Ikiwa ubongo wa mtoto unaanza kutafuta sauti nyengine, basi wazee walikuwa wameshamuandalia sauti hiyo, na ilikuwa sauti ya mtu wanayemjua. Sasa hivi somo hakuna, wanangu wa skuli wanaulizana wao kwa wao.

#19 Mmakonde Halisi

Bi Chwaka umesema kweli tupu. Na sisi wanaume jando. Unaingia na rika lako, mnatoka mmeshaambiwa nini kinawangoja. Hakuna kukaa miaka sita hujui kama wewe ni mtoto au mkubwa.

#20 Somoe wa Newala

Nawaheshimu, lakini mimi nimechezwa unyago, niseme nilichokiona. Nilifundishwa kujihifadhi wakati wa hedhi, usafi, adabu kwa wakubwa. Hayo yamenisaidia hadi leo. Nilifundishwa pia mambo ya kumpendeza mwanamume nikiwa sijafika hata miaka 12. Niliporudi shuleni nilijiona mkubwa, na wanaume mtaani nao waliniona mkubwa. Wenzangu wawili wa kundi letu hawakumaliza darasa la saba. Kaka Mmakonde, kutoka jandoni ukijua wewe ni mkubwa ni jambo jema kwa mvulana anayerudi shule. Kwa msichana mara nyingi ilikuwa ndiyo tiketi ya kuolewa.

Tukirudisha somo, arudi na umri unaofaa na maneno yanayofaa. Mimi binti yangu nimemchagulia dada wa kwaya yetu, muuguzi. Wanaongea. Siulizi wanaongea nini.

#21 Bi Chwaka

Somoe, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Hilo la kutouliza ndiyo lenyewe khasa.

#22 Ngosha wa Nera

Mmeikwepa simu yangu kwa ustadi mkubwa.

#23 Binti Mwerevu

Hatujaikwepa. Mwaka 2022 Amy Orben na wenzake walichambua takwimu za Uingereza. Walikuta kuna umri ambao kutumia sana mitandao ya kijamii kulifuatiwa na kushuka kwa kuridhika na maisha mwaka uliofuata: miaka 11 hadi 13 kwa wasichana, 14 hadi 15 kwa wavulana, na tena karibu na 19 kwa wote. Kwa hiyo kwa Doto unayo hoja. Kwa Kulwa wa miaka 13, kwa takwimu hizo, bado. Na athari zenyewe kwa wastani ni ndogo. Hata hivyo Australia wameona isiwe taabu, tangu Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti.

#24 Fundi Chereko

Mwanangu hana simu, mimi mwenyewe ninayo ya tochi. Amefika 14 na ananijibu "poa" vilevile.

#25 Ngosha wa Nera

Fundi, ana rafiki mwenye simu.

Na viboko je? Sisi tulichapwa, tukanyooka.

#26 Mwalimu wa Muleba

Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena vya mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi. Kinachofanyika madarasani tunakijua. Kuna watafiti walihoji watoto wa shule za msingi hapahapa Tanzania, wakachapisha mwaka 2014: waliochapwa zaidi ndio waliokuwa na ukorofi na ugomvi zaidi.

#27 Msomaji wa Mlimani

Inawezekana mkorofi ndiye anachapwa zaidi. Utafiti wa kuhoji mara moja hauwezi kukwambia kipi kimetangulia.

#28 Mwalimu wa Muleba

Ni kweli hauwezi. Lakini hata ukigeuza, bado hujaonyesha kwamba kiboko kilimnyoosha. Kama kingenyoosha, waliochapwa sana wangekuwa watulivu.

Mimi darasani nimeacha fimbo, na si kwa sababu ya utafiti. Mtoto anayeogopa anakodolea mkono wangu, hatazami ubao.

#29 Shemeji wa Ubungo

Nilikuwa napita kimya ila bandiko la kwanza limenigusa, hasa hapo pa kuuliza kama kuna cha kuogopa.

Mdogo wangu alianza hivyohivyo akiwa na miaka 14. Kujifungia, kutolala. Tukasema balehe. Akaacha mpira, akaacha kuoga. Tukasema balehe. Alipoanza kusema watu wanamsema kupitia redio tukasema amerogwa, akapelekwa kwenye maombi, kisha kwa mganga, kisha maombi tena. Muda mwingi ulipotea kabla hajaonana na daktari wa akili. Leo anatumia dawa, anafanya kazi ya useremala, Jumapili anaimba kanisani kama zamani. Simlaumu mchungaji, alituombea kwa moyo. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba umri ule ndio magonjwa haya huanza kujitokeza. Na tuliogopa jina la Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Mtu akitajiwa Mirembe anajua basi, ameitwa kichaa, wakati hospitali za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili.

#30 Nesi Mkongwe

Shemeji, asante kwa ujasiri.

Mama Kulwa, tofauti iko hapa. Mtoto wa balehe anakuwa na siku mbaya na siku nzuri, bado ana kitu anachokipenda, bado anacheka na wenzake. Doto wako anacheka, hiyo ni habari njema. Huzuni au hasira ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akiacha alivyovipenda, akiacha kula au akila bila mpaka, akiacha marafiki, maksi zikianguka ghafla, akijikata, au akisema bora nisingekuwepo, hapo usisubiri. Na ukihisi anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, Tanzania na Kenya.

#31 Mtoto wa Kitangiri

Nilisoma mahali kwamba nusu ya magonjwa ya akili yanaanza kabla ya miaka 14. Ni kweli?

#32 Binti Mwerevu

Hiyo ilitoka kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wa watu wazima walioulizwa wakumbuke walianza lini. Kazi kubwa zaidi iliyounganisha tafiti 192, ya mwaka 2021, inasema takribani theluthi moja huanza kabla ya 14 na karibu nusu kabla ya 18. Umri unaoongoza ni 14 na nusu. Ukichukua yoyote kati ya hizo mbili, umri wa mapacha hawa si wa kupuuzwa.

#33 Baba Achieng

Kenya ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44.3 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, lakini waliofikia kipimo cha ugonjwa kamili ni 12.2. Hizo namba mbili watu huzichanganya kwenye vichwa vya habari. Wengi wanaumia bila kuwa wagonjwa, na ndio wanaokosa wa kuzungumza naye.

Kuna kazi ya kundi la Shamiri hapa Kenya. Badala ya kungoja madaktari wa akili ambao ni wachache, wanawafundisha vijana waliomaliza shule ya upili juzijuzi, wanakutana na wanafunzi kwa makundi, mara moja kwa wiki, wiki nne. Wanaongea kuhusu kukua, kushukuru, na mambo wanayoyathamini. Mwaka 2021 walichapisha jaribio la wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Dalili zilipungua zaidi kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma.

#34 Msomaji wa Mlimani

Kundi la mbinu za kusoma nalo lilipata nafuu, au sivyo?

#35 Baba Achieng

Lilipata, ila kidogo zaidi.

#36 Msomaji wa Mlimani

Basi huenda dawa kubwa ilikuwa kijana mkubwa kidogo aliyekaa nao akawasikiliza, hata mada ingekuwa nini. Tumerudi kwa somo wa Bi Chwaka.

#37 Bi Chwaka

Mie nimekaa tu hapa na kahawa yangu nawasubiri 😀

#38 Form Three wa Nyakato

Shikamooni wote. Mimi bado mwanafunzi, natumia akaunti ya dada kwa ruhusa yake. Mmesema ubongo, kichocho, simu, daladala. Hakuna aliyetuuliza sisi.

Mimi niliacha kumsimulia mama nikiwa darasa la sita. Nilimwambia kuna mvulana ananisumbua njiani. Jioni nikasikia anamweleza mama mdogo kwenye simu, kesho yake shangazi akanipigia kunionya nisome. Sikuwa nimefanya kosa lolote. Tangu hapo kila kitu ni poa. Nampenda sana mama, ila habari yangu nikimpa inakuwa ya ukoo mzima.

#39 Mama Kulwa

Marahaba mwanangu. Hilo nimelisoma mara mbili. Asante kwa kulisema.

#40 Ngosha wa Nera

Marahaba binti. Na huyo mvulana wa njiani bado yupo? Kama yupo, mwalimu wa malezi wa shule yenu anajua?

#41 Form Three wa Nyakato

Alihama baba. Asante kwa kuuliza.

#42 Fundi Chereko

Nje ya mada kidogo: Mama Kulwa, Kulwa si ndiye huwa ametangulia kuzaliwa? Mbona Doto ndiye anaonekana mkubwa?

#43 Ngosha wa Nera

Kulwa ndiye wa kwanza, hilo halibadiliki hata Doto akifika dari. Na mwakani akianza kurefuka mtaniambia. Mvulana akianza ameanza, suruali haimalizi muhula.

#44 Mama Kulwa

Kulwa anaudhika sana kuitwa mdogo na wateja dukani. Nimewakataza.

#45 Mama wa Mmoja

Samahani kuingilia. Binti yangu ana miaka tisa, darasa la tatu, matiti yameanza kuota. Mama mkwe anasema ni kuku wa kisasa. Nimuwahishe hospitali?

#46 Nesi Mkongwe

Miaka tisa bado ni kawaida. Wasichana wengi huanza kati ya 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Ingekuwa chini ya 8 ningekwambia nenda leo. Kuku mwache mama mkwe ale kwa amani. Wewe mweleze binti kuhusu hedhi sasa hivi, kabla haijamkuta darasani, na umtafute mwalimu wa kike shuleni umwambie. Kwa darasa la tatu atakuwa peke yake kwa muda, wenzake watamtazama, na watoto wanaotangulia hivyo ndio nawaona wakipata shida zaidi. Na afanyiwe vipimo vya damu kama nilivyosema #6, huyo naye anaanza kurefuka.